Panya Weupe wa Kagugu Walitoka Stoo Yangu

Mimi ndiye. Mwacheni yule mzee jirani yetu anayeongea na paka wake, hana kosa. Panya weupe waliozagaa mtaani kwetu Kagugu walitoka kwangu, kwenye stoo ya uani, ndani ya mabeseni niliyonunua nikisema ni ya kuogeshea mtoto.

Nimeshalisema hili mbele ya mkutano. Nimeshalisema kwa padri, na padri, Mungu amsamehe, alicheka halafu akajifanya anakohoa. Lakini najua kuna wenzangu huko mliko mnaowazia kufanya nilichofanya, kwa hiyo nasema tena. Majina nimebadilisha. Si kwa heshima, ni kwa woga.

Na mjue naandika nikiwa na hasira. Nina hasira na mume wangu. Nina hasira na nafsi yangu zaidi. Na nina hasira na nyoka mmoja ambaye hata hanijui!

Nina watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka minne, tumwite Keza. Wa pili ndiye huyu ninayemnyonyesha sasa hivi huku naandika kwa dole gumba. Nilikulia Bujumbura, sekondari nikaja kumalizia hapa Kigali, nikaolewa. Nilikuwa nauza vitambaa sokoni Kimironko, kwenye meza ya shangazi yangu. Mimba ya pili ilipokuja miguu ikavimba kama mikate, mume wangu akasema, "Kaa nyumbani upumzike."

Nipumzike! Mume wangu ni dereva wa ofisi moja kule Kacyiru. Kutwa yuko ndani ya gari lenye kiyoyozi. Mimi kupumzika kwangu ni ndoo za kufua, masufuria, na mtoto anayeuliza kwa nini mwezi hauna miguu. Nilitaka kitu changu. Hata kidogo, hata cha kijinga, lakini changu.

Basi kikaja cha kijinga kweli.

Kuna kijana aliyekuwa mteja wangu wa vitambaa. Nitamwita Bwana Chatu, maana ndicho anachofuga. Ana chatu wawili nyumbani kwake, ndani ya makabati ya kioo, wamewashiwa taa za joto kama wagonjwa mahututi. Watu wanakwenda kupiga nao picha, wanajitia ushujaa. Siku moja akanipigia simu.

"Mama Keza, nyoka wangu hawali nyama ya buchani. Wanataka panya."

"Si uwategee mitego? Kigali nzima ina panya."

"Panya wa mtaani wamekula sumu, wataniulia nyoka. Mimi nataka panya safi, waliolelewa nyumbani, wanaokula vizuri."

Panya waliolelewa! Nilicheka mpaka mtoto tumboni akanipiga teke. Lingekuwa onyo lile teke, kama ningekuwa na akili.

Akaniletea dume mmoja na majike wachache, weupe pe, macho mekundu, mikia kama kamba za viatu. Akanifundisha: maranda ya fundi seremala chini, wavu wa waya juu, pumba na karanga kidogo, maji ndani ya chupa iliyogeuzwa. Dume Keza akamwita Shefu, yaani bosi, kwa sababu alitembea kama mtu anayekagua. Shefu alifanya kazi yake bila likizo. Jike wa panya anabeba mimba wiki tatu tu, jamani! Mimi nilikuwa najikokota na tumbo langu, na mle ndani mwenzangu anabeba, anazaa, ananyonyesha, anabeba tena, kabla sijamaliza hamu yangu ya kula udongo. Watoto wao wanazaliwa wekundu, hawana manyoya, kama vidole vya mtoto mchanga. Mara ya kwanza nilitapika. Mara ya pili nilifurahi. Ndivyo mtu anavyoharibika.

Mume wangu aliingia stoo mara moja. Akashika kichwa. Akatoka, akafunga mlango taratibu, akasema, "Mimi sijaona kitu. Siku mama yangu akijua, mimi nilikuwa kazini."

Mwanaume huyo!

Majirani niliwaambia nafuga vifaranga wa kisasa, na kwamba mtu wa mifugo amekataza wageni kuingia kwa sababu viatu vinaleta magonjwa. Uongo mtamu ule! Hata leo nikiukumbuka naupenda. Keza nilimfundisha mwenyewe.

"Stoo kuna nini?"

"Vifaranga!"

"Vinasemaje?"

"Pii pii!"

Mtoto wangu alijua kudanganya kabla hajajua kuandika jina lake. Niandikieni hilo nalo.

Kila nilipopeleka mzigo kwa Bwana Chatu niliwaweka ndani ya boksi la viatu lenye matundu, nikalikumbatia juu ya pikipiki. Siku moja motari aliyenibeba akasimama kwenye taa, akageuza kofia yake ngumu.

"Mama, mzigo wako unakuna."

"Ni vifaranga."

"Vifaranga viko na mikono?"

"Endesha wewe, taa imewaka!"

Nilicheka njia nzima. Nilijiona mjanja, mjini hakuna kama mimi.

Sasa nifike kwa Mama Fiston, kwa sababu ungamo langu ni juu yake yeye, panya ni bahati mbaya tu.

Mama Fiston ni jirani yangu, tunagawana ukuta. Naye alikulia Bujumbura, basi sisi wawili tunaongea Kiswahili chetu cha huko, wengine hapa wakituona tunajidai. Anauza maharage, unga wa mtama na karanga kwenye chumba chake cha mbele. Mume hana, alifariki. Chumba kile cha mbele ndicho mume. Nilipohamia hapa bila kumjua mtu, ndiye aliyeniletea moto wa kuwashia jiko. Nilipougua ndiye aliyemlaza Keza kwake. Mwanamke ana ulimi mkali na mkono mpana.

"Weye Mama Keza," aliniambia ukutani siku moja, pua ameikunja, "vifaranga gani vinanuka hivi?"

"Ni vya kisasa."

"Ayiwe! Kumbe usasa unanuka mkojo."

Akacheka, akaniachia. Angeninyima ule wema ningekuwa nimepona.

Siku ya kosa, Keza aliingia stoo nikiwa nimelala mchana, miguu juu ya mto. Alikwenda kumpa Shefu biskuti. Akafunua wavu, akalisha, akasahau kufunika. Nilipoamka nikakuta beseni moja limepungua sana na alama za vikucha kwenye tundu la maji machafu, lile linalotoka kwangu kwenda kwa Mama Fiston.

Nilijua. Nataka mnielewe hapo: nilijua dakika ileile wamekwenda wapi! Nilichotakiwa kufanya ni kuinua shingo ukutani na kusema, "Mama Fiston, njoo nikwambie ujinga wangu." Angenitukana mpaka jioni, halafu angekuja na mtego. Badala yake nikafagia, nikaziba tundu kwa tambara, nikanyamaza.

Haukupita muda wakaanza kuonekana kwenye magunia yake. Kwanza weupe. Baadaye wa rangi mbili, mbele weupe nyuma kijivu, kama watu waliovaa makoti, maana weupe wangu walikuwa wameoana na wa mtaani. Mama Fiston alikuja kunihadithia mimi, huku akicheka. "Jana nilifungua gunia, kamoja kakanitazama kama mimi ndiye mgeni!" Nilicheka naye.

Wateja hawakucheka. Mji ukianza kusema hauna breki. Panya mweupe? Dukani kwa mjane? Hiyo ni dawa ya kuvutia wateja, wakasema. Anawafuga makusudi, wakasema. Mmoja akarudisha unga aliokuwa ameshanunua.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, tunapotoka wote kusafisha mtaa. Tulisafisha mitaro, halafu tukakaa kwenye majani kwa mkutano kama kawaida, majembe pembeni. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, ni mtu mpole, anaongea kama anayeamsha mgonjwa.

"Hawa panya wanatoka wapi?" akauliza.

Kelele. Huyu anasema jalala, yule anasema kiwanja kisichojengwa. Mwanamke mmoja wa mtaa wa juu akanyoosha mkono. "Tupite nyumba kwa nyumba tukague. Tuanze na wale wanaofuga."

Wanaofuga! Niliwaona wakifungua stoo, niliona Shefu akiwakaribisha.

Nikasimama. Mjamzito akisimama mkutanoni watu wote wananyamaza, mnajua. Nikashika kiuno, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye uchungu na mtaa wake:

"Panya hafuati vifaranga. Panya hufuata nafaka. Na hapa sote tunajua nani ana nafaka."

Sikutaja jina. Vichwa vyote viligeuka upande mmoja, kama majani yakipigwa na upepo.

Mama Fiston alikuwa amekaa na jembe magotini. Alinitazama. Mkuu wa mudugudu akamwambia kwa upole wake ule kwamba afunge chumba cha mbele mpaka atoe magunia yote, asafishe, akaguliwe. Akaitikia kwa kichwa.

Mkutano ulipoisha niliinama kuchukua jembe langu. Mkono wa Mama Fiston ukatangulia.

"Mjamzito habebi jembe," akasema. Akaweka jembe langu na lake bega moja, tukapanda mlima pamoja. Karibu na geti akaongeza, "Bora weye umesema mbele yangu. Wengine wanasema nyuma."

Yesu wangu. Angenipiga nalo lile jembe!

Niliingia ndani nikaapa kuacha. Nitampelekea Bwana Chatu panya wote kwa mpigo, nisafishe stoo, nizae, nisahau. Nikampigia.

"Mama Keza, subiri kwanza. Mkubwa anataka kujivua ngozi, amekuwa kipofu kidogo, hataki kula. Mdogo naye amegoma."

"Mpaka lini?"

"Nyoka anaweza kukaa hata miezi. Ni kawaida yake."

Kawaida yake! Wateja wangu ni wawili tu duniani, na wote wamefunga kama vile ni Kwaresima! Na Shefu hajui mambo ya kufunga. Mabeseni yakajaa, nikanunua mengine, yakajaa. Kuwaua kwa mkono wangu nilishindwa, na tumbo lile, na wale watoto wao kama vidole. Kuwaachia nilishindwa. Nikawa nalisha jeshi ambalo halina vita.

Huku kwa jirani chumba cha mbele kimefungwa. Nasikia asubuhi anafagia mahali pasipo na mteja.

Uchungu uliponishika mume wangu alikuwa safarini na bosi wake. Nani alinipeleka hospitali? Nani alinishika mkono, akanitukana nilipotaka kulegea, "Sukuma weye, au unangoja vifaranga vikusaidie?" Mnajua nani.

Nikapata mtoto wa kiume.

Mama mkwe wangu akaja kutoka kijijini, na mama mkwe wangu hapendi mambo ya kuandika jina hospitalini ukamaliza. Alitaka mtoto apewe jina kama zamani. Kwa wasiojua: kwetu watoto wadogo wa mtaa wanaalikwa, wanapewa vijiti vya kulimia, wanajifanya wanalima kipande cha uani. Halafu mtu mzima anawanyunyizia maji, anawaambia mvua imenyesha, wanakimbilia ndani, wanakaa na kulishwa maharage na mboga, na kila mmoja anampa mtoto mchanga jina. Baada yao wakubwa nao wanataja yao. Ni jambo zuri mno. Mimi mwenyewe nililisubiri kwa hamu.

Maharage ya siku ile aliyapika Mama Fiston. Aliyatoa kwenye gunia lake la mwisho. Nilimwona ukutani ameinama juu ya ungo, akichambua punje moja moja, asije mtoto wa mtu akala uchafu wa panya. Panya wangu.

Asubuhi niliwalisha wale wa stoo harakaharaka. Mtoto akalia, nikakimbia. Kufuli niliining'iniza tu.

Watoto wakaja, wamepakwa mafuta, wanang'aa. Wakalima. Mama mkwe wangu, amejifunga mshanana wake mzuri, akachovya majani kwenye maji, akawarushia na kupiga kelele, "Mvua! Mvua hiyo! Kimbieni nyumbani!"

Walitakiwa kukimbilia sebuleni, nilikokaa na mtoto. Ndivyo wanavyofanya watoto wote tangu dunia iumbwe.

Keza akaruka mbele yao na kijiti chake juu. "Huku! Huku hakunyeshi!"

Akawaongoza wote stoo.

Nilisimama na mtoto kifuani. Halafu nikasikia kitoto kimoja kinacheka. Halafu wote wanacheka. Halafu beseni la kwanza likaanguka.

Yebaba we! Walitoka kama maziwa yaliyochemka! Weupe, wakubwa, wadogo, chini ya viti, kati ya miguu, juu ya viatu vya wageni vilivyopangwa mlangoni. Wanawake waliruka. Mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamuuma tangu nimjue, alipanda juu ya kreti la soda bila kushikwa mkono. Mume wangu, amesimama palepale na sahani mkononi, akasema kwa nguvu, "Mimi nilikuwa kazini!"

Na Keza katikati, amenyanyua mmoja kwa mkia, anamwonyesha nyanya yake kwa fahari. "Bibi, usiogope! Ni vifaranga! Vinasema pii pii!"

Ningependa kuwaambia nilizimia. Sikuzimia. Niliona kila kitu.

Nilimwona Mama Fiston anatoka jikoni na sufuria ya maharage, anasimama. Nilimwona Shefu, mshenzi yule, anapanda kwenye meza, anakaa karibu na mwiko, anaosha masharubu. Mama Fiston akamtazama Shefu. Akatazama mlango wa stoo uliofunguka. Akatazama tambara lililoziba tundu la maji kwenye ukuta wake. Mwisho akanitazama mimi.

"Panya hufuata nafaka," akasema taratibu. "Ni weye ulisema."

Nikainama kumfunika mtoto. Mwanamke mwenye mdomo kama wangu!

Mama mkwe wangu akashuka kwenye kreti. Akajiweka sawa nguo. Jambo la mtoto haliachwi katikati, akasema, watoto waketi wale. Wakaketi, wakala, macho yote kwenye uvungu wa kabati. Akawauliza mmoja mmoja, mtoto tumwite nani?

"Kabeba!" akasema wa kwanza. Kapanya.

"Kabeba!" wa pili.

Wote. Mpaka Keza. Hakuna aliyetaja jina lingine. Mume wangu alikuwa ameandaa jina zuri la kumshukuru Mungu, liko kwenye cheti, halijui mtu. Mwanangu leo Kagugu nzima ni Kabeba.

Ikafika zamu ya wakubwa. Mama Fiston alinawa mikono, akamchukua mtoto kutoka kifuani kwangu, mtoto aliyempokea yeye kabla ya baba yake. Akambusu paji la uso.

"Mimi namwita Nsekanabanga," akasema.

Kwetu jina linaongea, na jina lile la wazee kila mtu alilielewa: nacheka na wanaonichukia.

Akanirudishia mtoto. Akakaa, akala maharage yake pamoja na watoto, akaosha sufuria, akaenda kwake.

Sijawahi kupigwa hivyo na mtu ambaye hakuinua mkono.

Wageni walipoondoka nilikwenda kugonga kwake. Hakufungua. Nikagonga kesho yake. Mama mkwe wangu akanitazama nikirudi, akasema, "Unagonga mlango wa nini? Ulimchafua kwenye majani, utamsafisha kwenye majani."

Umuganda uliofuata nikasimama tena, safari hii mtoto mgongoni. Nilisema yote. Nyoka, Shefu, vifaranga, tundu la maji. Nilisema kwamba siku ile niliogopa stoo yangu itakaguliwa, ndiyo maana nikawaelekeza watu kwake. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Sasa vile vifaranga vinataga?" Basi wakaanguka kwa kicheko! Mkuu wa mudugudu mwenyewe alifunika uso kwa kofia. Alipoweza kuongea akaamua mimi nizunguke kila nyumba nikitega mitego mpaka panya wa rangi mbili waishe. Nazunguka mpaka leo. Wananiita Mama Kabeba, wananipokea kwa "pii pii" mlangoni. Napokea, nafanyaje?

Mama Fiston alisikiliza mpaka mwisho na jembe magotini. Aliinuka, akaenda. Safari ile jembe langu nililibeba mwenyewe.

Na yule nyoka! Jioni ileile Bwana Chatu akapiga simu, anashangilia kama aliyepata mtoto. "Mama Keza, amejivua! Ngozi nzima, nzuri! Sasa ana njaa, niletee wote!" Nilimwambia maneno ambayo nilimtajia padri kwa kifupi tu. Alikuja na ndoo yenye mfuniko akawakusanya waliobaki. Keza alilia. Shefu hakukamatwa. Najua yuko hai, kwa sababu wajukuu wake nakutana nao kwenye mitego.

Mkifikiri niliposema ukweli mambo yalirudi kama zamani, mnakosea. Chumba cha mbele kilifunguliwa, lakini maneno ya dawa ya wateja hayakufunguka. Wapo waliorudi. Wapo wanaopita mbele ya mlango wake wakaenda kununua mbali, na ukiwauliza watakwambia, "Aa, tumezoea kule." Uongo wangu nilioutoa nimesimama dakika moja, mwenzangu anaulipia kila siku akiwa amekaa.

Kwa hiyo nami nilikwenda kukaa. Kila mchana nachukua ungo, naketi mlangoni kwake, machoni pa watu, nachambua maharage. Siku za mwanzo hakuniambia hata karibu. Hakunifukuza pia. Ananisogezea gunia, basi. Asubuhi anapita ukutani na kuuliza, bila kunitaja mimi, "Nsekanabanga ameamka?" Na mimi, mama yake, najibu, "Ameamka." Kila asubuhi naitikia jina lile. Jaribuni nyie kumvalisha mtoto soksi huku mnaitikia jina lile.

Nyie mnaosoma, fugeni mnachotaka. Fugeni panya, fugeni mamba, hayanihusu. Hata kudanganya kidogo juu ya harufu, mimi ni nani nikukataze. Lakini mnyama wako akivuka ukuta, inua shingo siku ileile useme, "Huyo ni wangu!" Utatukanwa, utachekwa, yatakwisha jioni. Usingoje mkutano. Ukiwa na hofu mkutanoni utamtazama aliye karibu nawe zaidi, na aliye karibu ndiye aliyekuletea moto. Wala usijipe moyo kwamba hukutaja jina. Mimi sikutaja.

Na kama mteja wako pekee ni nyoka, ujue anaweza kuacha kula hata miezi!

Jana mchana mtoto alilia nikiwa na ungo mapajani, mikono imejaa vumbi la maharage. Nilikuwa bado najifuta Mama Fiston akamnyakua kwenye mkeka, akamtupa begani, akampigapiga mgongo.

"Nini weye?" akamwambia. "Nini, Kabeba?"

Sikuinua uso. Niliendelea kuchambua, punje nzuri nazitupa chini na mbovu nazirudisha kwenye gunia, kwa sababu nilikuwa sioni.